Mimi, Tabitha na Avokado za Kabazi Huko Guangzhou

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza dukani, na juzi Mama Naliaka alinisimamisha katikati ya barabara nikiwa na mtungi wa maziwa mkononi. "Mama Kevo, wewe ulienda China ukarudi bubu? Hebu tuambie kulienda aje!" Kila mara nimejibu vilevile: kulikuwa kuzuri, watu ni wengi, maji ya kunywa ni moto. Na nyinyi mnanijua. Mimi kusimulia nilivyoenda Subukia kununua chumvi huchukua nusu saa. Basi nimeona heri niandike. Mambo ya pasipoti na viza nimeyaruka, yalinichosha yakitokea, sembuse kuyarudia.

Jambo moja mlishike tangu sasa: nilienda na wivu. Si ule wivu mdogo wa kuona mwenzako na leso mpya. Nilikuwa namwonea wivu Tabitha, Mama Shiru, jirani yangu ambaye kati yetu kuna ua wa michongoma tu, na aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa avokado. Mkichoka kuusikia wivu huo, mjue mimi niliubeba safari nzima, kwenda na kurudi.

KABLA YA KUTOKA KABAZI

Mnamkumbuka Bwana Koech, yule afisa wa biashara ya nje aliyekuja kanisani na viatu vyeupe siku ya matope. Alitueleza jinsi serikali ilivyokaa na Wachina mwaka baada ya mwaka, ikabembeleza, ikaandikiana nao mkataba, mpaka wakakubali avokado zetu ziingie kwao zikiwa freshi, si za kugandishwa tu. "Sisi tunanunua kwao kuanzia sindano mpaka injini ya garimoshi," alisema. "Wao kwetu wanabeba nini? Meli inakuja imejaa, inarudi karibu tupu. Nyinyi ndio mtaijaza." Tulipiga makofi mpaka mabati yakalia.

Halafu akasema kuna mnunuzi mmoja wa Guangzhou, China, anaitwa Bwana Lin, anatafuta eneo moja la kumuuzia msimu mzima. Angekuwa kwenye maonyesho ya biashara ya huko. Tukimpendeza, atakuja mwenyewe Kabazi aone mashamba, kisha atanunua kwa kilo, kwa bei iliyoandikwa. Asipokuja, sisi na mabroka tena: wale wanaokuja na lori, wanatikisa mti mpaka maua ya mwaka ujao yanaanguka, halafu wanakuambia matunda yako ni madogo. Kwa hivyo kazi yetu ilikuwa moja, tumlete Bwana Lin Kabazi.

Mkachagua watu wawili. Tabitha awe msemaji. Mimi niwe mkata matunda.

Haki ya Mungu, siku hiyo mlinikata mimi mwenyewe. Miche ya kwanza ya Tabitha ilitoka kwangu. Alikuja na karai, hajui hata shimo linachimbwa refu kiasi gani, nikamwonyesha. Leo miti yake inazaa mpaka anaiwekea nguzo isivunjike, na yangu, udongo uleule, mvua ileile, inazaa kama imelazimishwa. Na ndiye anayesimama mbele za watu, mimi nyuma yake na kisu. Nilisema "asante kwa kuniamini" nikiwa natabasamu kwa meno tu.

GILGIL, TULIPOSUBIRI BANGO

Vani ya serikali ilitubeba asubuhi na makatoni ya sampuli, vizuri tu, mpaka Gilgil. Hapo tulipaswa kumchukua Bwana Koech aliyekuwa na bango la kibanda chetu. Bango halikuwa tayari. Tulikaa kando ya barabara saa tatu nzima. Nilikunywa chai vikombe vinne, nikala mandazi mpaka nikayachukia, wanajeshi wawili wakaniuliza kama nauza hayo makatoni.

Hatimaye Koech akaja na bango limeviringwa begani kama mkeka. "Mathe, mko tayari kuona?" Akalikunjua kwenye mlango wa vani. Woi! Tabitha mzima mzima, ukubwa wa mlango, ameshika kikapu, nyuma yake miti yake imeinama kwa matunda. Chini imeandikwa kwa Kichina, sijui nini, lakini haikuwa jina langu.

Nikaliangalia kwa makini. Pembeni kabisa, ng'ambo ya ua, tawi moja lilikuwa limechungulia ndani ya picha.

"Huo mti ni wangu," nikasema.

"Upi?" Koech akauliza.

"Huo wa kushoto. Hilo tawi."

"Ah, hilo halionekani, mama. Usijali."

Usijali! Tabitha naye akanishika mkono akasema, "Si uongo, ni wa Mama Kevo huo. Ningejua wanapiga picha ningekuita." Alisema kwa upole, na upole wake ndio huniudhi zaidi. Mtu akikuringia unaweza kumrudishia. Akikuhurumia utafanya nini?

LONGONOT, GURUDUMU

Tulipoifikia Longonot gurudumu likapasuka. Dereva akatoa jeki, jeki ikakataa. Tukakaa kwenye nyasi na mzee mmoja anayechoma mahindi, mlima mbele yetu, na mbali kidogo garimoshi likipita. Babu yangu alitoka magharibi akaja Nakuru kufanya kazi ya reli, na mimi garimoshi likipita lazima niseme habari zake. Ndiyo kwanza nilikuwa nafungua mdomo, mzee akauliza, "Mnaenda wapi na hizo avokado?"

"China," Tabitha akajibu.

"China! Si hao ndio hutuletea kila kitu? Hata hiki kijiko cha makaa ni chao." Akacheka mpaka akakohoa. "Sawa basi. Wapelekeeni na wao kitu wabebe."

"Ndiyo kazi tumetumwa, mzee. Utuombee."

Mzee akafurahi, akampa hindi la bure, lile kubwa lililoiva vizuri. Mimi nililipia langu, na lilikuwa na punje mbichi. Najua ni jambo dogo. Lakini nililitafuna lile hindi mpaka Nairobi nikifikiria lile lingine, na babu yangu sikumtaja.

ANGANI, NA DUBAI

Ndegeni Tabitha alipata kiti cha dirishani. Nilipanga kumwomba tubadilishane, lakini ndege ilipoinua pua tu, tumbo langu likapanda nayo. Sitaficha. Nilitapika mandazi yote ya Gilgil. Nani alinishikia mfuko? Tabitha. Nani alinipangusa uso kwa leso yake? Tabitha. "Pole, Mama Kevo. Pole, mama. Itaisha." Abiria wa upande wa pili akamwambia ana moyo wa dhahabu. Mimi niliyetapika sikuambiwa kitu.

Dubai tulisubiri ndege nyingine saa nyingi. Ule uwanja ni mji, una hata miti ndani. Nilitoka kutafuta choo, nikarudi nikaketi kwenye mlango ambao nilikuwa na hakika ndio wetu. Nikashangaa kwa nini Wakenya wamepungua. Kumbe ninangoja ndege ya Manila! Wamama wa Kifilipino waliokuwa hapo walinipa peremende na picha za wajukuu wao nikaona, tukasikilizana kwa mikono tu, na nilikuwa nimestarehe kabisa Tabitha alipokuja akihema, kiatu kimoja kimefunguka kamba. Alikuwa ameizunguka milango yote. Akaketi karibu yangu akacheka mpaka machozi. "Ungeenda kuuza avokado Manila!" Nilicheka pia. Kwa dakika moja hivi nilimpenda kama zamani, tulipokuwa tukichimba mashimo pamoja.

Halafu Koech akaja akasema, "Mama Shiru, njoo tupitie hotuba yako." Dakika ikaisha.

GUANGZHOU, CHAKULA

Joto la Guangzhou linakushika kama umeingia jikoni wakati ugali unachemka. Nikaomba maji baridi, wakaniletea ya moto. Nikaonyesha kwa ishara, baridi, brrr, wakaenda wakarudi na ya moto zaidi. Mkalimani wetu, msichana anaitwa Mei aliyejifunzia Kiswahili chuoni huko kwao na anakiongea sanifu kuliko mwalimu wa Kevo, akanieleza kwamba wanaona maji moto ndiyo afya. Waliponiona nikijikumbatia na kutetemeka walidhani nina homa.

Jioni wakaleta miguu ya kuku. Nikasema hapa sasa tumefika nyumbani! Nikachukua kwa mkono. Mhudumu akaja mbio na glavu za plastiki, akanivalisha moja. Nilikasirika. Nilidhani anasema mikono yangu ni michafu, na nilikuwa nimenawa mara mbili. Nikaitoa nikaiweka mezani kwa kishindo. Mei akaeleza ni heshima, kila anayekula kwa mkono huletewa ili asichafuke. Tabitha alikuwa ameshavaa zake mbili, anamshukuru mhudumu kwa Kichina alichojifunza mchana huohuo. Na vijiti anavishika! Tangu lini? Sote tulikulia kwa sahani moja ya githeri, sasa yeye anaokota karanga kwa vijiti na mimi naitishiwa kijiko. Meza nzima ikampigia makofi.

SIKU YA KWANZA KIBANDANI

Bango likatundikwa. Watu walipita, wakamwangalia Tabitha wa bango, wakamwangalia Tabitha mwenyewe, wakaomba picha. Mimi nikakata matunda. Nilikata vizuri, nataka mjue. Vipande sawasawa, chumvi kidogo. Wengine kule huisaga avokado na maziwa wakainywa, hawakuwa wamewahi kuionja na chumvi, na walirudi kuongeza. Hakuna aliyeuliza ni nani anakata.

Alasiri akaja Bwana Lin. Mtu mwembamba, kimya, wa umri wetu. Hakuangalia bango. Alichukua tunda akalibonyeza shingoni kwa kidole gumba, palepale sisi tunapobonyeza, nikajua huyu anajua kazi. Akatupa kadi yake kwa mikono miwili. Tabitha akaipokea kwa mikono miwili. Mimi niliipokea kwa mmoja, mwingine ulikuwa na kisu.

Swali lake lilikuwa nzi. Nzi wa matunda, yule anayetaga ndani ya ganda. Mkataba wa serikali zetu mbili unasema matunda yatoke mahali pasipo nzi huyo. Tabitha akamjibu bila kubabaika: tunaning'iniza mitego ya manjano kila shamba, tunaiangalia kila wiki, na tukimpata hata mmoja tutaripoti wenyewe. Bwana Lin akaandika kijitabuni. Akasema kesho atarudi kwa maswali machache ya mwisho, kisha aseme siku ya kuja Kenya. Koech aliniminya bega mpaka likauma. "Mathe, tumempata," akasema.

Nilifurahi. Msidhani sikufurahi. Lakini nilikuwa nafurahi huku najiuliza, sasa huyu akija Kabazi, watu wataimba jina la nani?

SIKU YA PILI KIBANDANI

Asubuhi hiyo wakubwa wa pande zote mbili walikuwa na kikao, mambo ya kusawazisha biashara, na wakataka mkulima mmoja aketi nao mezani. Mnajua ni nani alichaguliwa. Koech akaondoka na Tabitha, aliyevaa mkufu mpya shingoni, nikabaki peke yangu na kisu na Mei.

Bwana Lin akaja mapema. Mei akatafsiri. Akaniuliza habari za mvua, nikamjibu. Tunachuma mwezi gani, nikamjibu. Tunajuaje tunda limekomaa, nikamweleza jinsi tunavyochuma machache tukayaweka ndani siku kadhaa, yakinyauka ganda bado, yakilainika bila kunyauka tayari. Alikuwa anaandika kila nilichosema. Mgongo wangu ukanyooka. Nilijisikia mtu. Nikasema moyoni, leo mtajua Kabazi kuna nani mwingine.

Halafu akageuka, akaonyesha bango kwa kalamu. Mei akasema, "Anauliza kuhusu shamba hili. Angependa kuanzia hapa akija. Je, unalifahamu? Likoje?"

Hili! Nimeongea saa nzima, nimejibu kila kitu, na anachotaka ni lile la bangoni. Lile tawi langu lilikuwa palepale mbele ya kalamu yake na hakuliona.

Nikafanya vile tunavyofanya. Nyinyi mnajua, msijifanye hamjui. Nikavuta pumzi, nikaangalia pembeni, nikasema, "Mmh. Hilo shamba... mimi sitaki kusema mengi."

Hapa kwetu hilo lingetosha. Ukimuulizia mtu, jirani akavuta pumzi hivyo, unaelewa, na yeye amebaki safi, hajasema kitu. Kesho akiulizwa ataapa kwa Biblia hajasema kitu. Mara ngapi tumeharibiana ndoa na kazi kwa hiyo pumzi tu? Lakini Mei alinitazama macho makavu.

"Hutaki kusema nini?"

"Basi tu. Watu wana mambo yao."

"Mambo gani?"

"Si unajua."

"Sijui," Mei akasema. "Siwezi kumwambia 'si unajua'. Nimwambie nini?"

Bwana Lin akauliza kitu kwa sauti ya chini. Mei akanigeukia. "Anauliza kama ni nzi. Katika shamba hilo kuna nzi wa matunda? Ndiyo au hapana?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nawaambia nyinyi kama ninavyomwambia Mungu. Ilikuwa nafasi kubwa na hakuna aliyenisukuma. Sijawahi kuona nzi hata mmoja kwenye mtego wa Tabitha, na mimi ndiye huuchungulia kila wiki kupitia uani, nikitumaini.

"Ndiyo," nikasema. "Wapo. Kidogo tu." Kisha nikaongeza haraka, "Lakini kwangu hawapo. Anaweza kuanzia kwangu."

Mei akatafsiri. Bwana Lin akauliza, shamba langu liko umbali gani na hilo?

"Tumepakana," nikasema, na nilisema kwa kujivuna kabisa, ili ajue hatapotea njia. "Ni ua tu katikati."

Akaandika. Akafunga kijitabu. Akainama kidogo, akanishukuru sana kwa kuwa mkweli, na akaniuliza jina langu, mtu wa kwanza kabisa kuniuliza tangu tuondoke nyumbani. Nikamtajia. Aliondoka nikiwa natabasamu. Siku hiyo niliokota karanga mbili kwa vijiti.

KURUDI, DUBAI TENA

Koech alisema Bwana Lin atatuma jibu. Jibu lilimkuta Dubai, tukisubiri ndege ya Nairobi. Aliisoma simu, akaisoma tena, akaketi sakafuni na suti yake.

"Mama Shiru," akasema, "ulimwambia nini huyu mtu?"

"Nani?"

"Lin. Anasema hatakuja. Si msimu huu. Anasema mwakilishi wa kikundi mwenyewe amekiri kwamba kuna nzi."

"Shamba gani?" nikauliza mimi. Maneno yalinitoka yenyewe.

Koech akaniangalia kama mtu asiyejua hata pa kuanzia. "Mama, hakuna shamba. Mkataba unahesabu eneo. Nzi akiwa kwa mmoja, mmefungiwa nyote, wewe, jirani, Kabazi yote. Kwani nzi anauliza ua?" Akafunika uso kwa viganja. "Hawa watu tumewabembeleza miaka. Miaka! Nitawaambia nini wakubwa?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, husemwa. Mimi niliingia nikawavuta na nyinyi wote. Nilidhani Koech ataendelea kusoma nisikie jina langu, nikawa nangoja. Kumbe halikuandikwa. Iliandikwa "mwakilishi" tu, na mwakilishi wetu sote tunamjua.

Tabitha alikuwa amekunja uso akifikiri. "Siku ile ya kwanza nilimwambia tukimpata nzi tutaripoti," akasema polepole. "Labda nilieleza vibaya, akafikiri tumeshampata. Aki, Bwana Koech, ni mimi. Lazima ni mimi." Akaanza kulia pale uwanjani, mbele ya watu wa dunia nzima.

Na mimi nilifanya nini? Nikamshikia mkoba. Nikamwambia pole. Ndege ilipopaa nikalala usingizi wa kujifanya mpaka Nairobi, na vanini nikalala tena, Longonot ikapita, Gilgil ikapita, macho nimeyafumba kwa nguvu mpaka yakauma.

KABAZI

Yaliyofuata mliyaona wenyewe. Mlitungoja na nyimbo. Tabitha akazinyamazisha kwa mkono, akasimama mbele yenu na nguo za safari, akasema, "Mgeni aliletwa mpaka mlangoni, na mimi nikamfukuza kwa kutojua kuongea. Naomba mchague mtu mwingine." Baadhi yenu mlimzomea. Msikatae, nilikuwepo. Kisha Mama Naliaka akainuka akasema Mama Kevo angeachiwa aongee yeye mambo hayangeharibika, na mikono yote ikaenda juu. Mlipiga vigelegele. Mlinibeba mkaniketisha kwenye kile kiti cha mwenyekiti.

Nilikuwa nimekitamani kile kiti tangu kikundi kianze. Nimekikalia sasa majuma matano. Nikiwa ndani yake nimeona lori la mabroka likirudi, nimeona wakitikisa miti ya mjane Esta akiwaomba wachume kwa mkono, na nimewaona mkinijia, "Mwenyekiti, tufanye nini?" Nimeona pia mkimpita Tabitha dukani bila salamu. Nilidhani ningefurahi.

Jumatatu nilimpigia Koech nikamwambia yote. Hakunitukana. Alisema kuna njia moja: barua kwa Bwana Lin, yenye jina langu na sahihi yangu, kwamba nilisema uongo, pamoja na ukaguzi wa mitego ya kila shamba. "Anaweza kukubali, anaweza kukataa," akasema. "Lakini nani anataka kununua kwa watu wanaosemana hivyo, mama?"

Jana nikapita mlango wa mbele, si uani, nikamkuta Tabitha anakata majani ya ng'ombe. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilimwambia ile pumzi, nikamwambia ile ndiyo. Panga likasimama.

"Kwa nini?" akauliza.

Nilikuwa nimebeba sababu nyingi kutoka nyumbani, miche, kura, bango. Zote zikanitoka. "Hakuuliza la kwangu," nikasema.

Aliniangalia sana. Sikuona hasira, na ningeitaka.

"Ungeniambia tu, Mama Kevo," akasema. "Ningempeleka kwako kwanza."

Akarudi kukata majani. Nikaondoka.

Barua ya kwenda kwa Bwana Lin nimeshaitia sahihi, Koech ataibeba kesho. Haya mengine niliyoandika nitawasomea mwenyewe Jumamosi kwenye mkutano wa kikundi, yote, bila kuruka, na sitavuta pumzi mahali popote. Nikimaliza nitashuka kwenye kiti. Mtukane, mnifukuze kikundini, ni haki yenu. Ila kwanza mgeuke mumsalimu Tabitha, na kama mna ujasiri, mwombeni akikalie.